Uzio wa Hewa: Jinsi Uso Unaokataa Maji Unavyoiamulia Seli Mahali pa Kukua

Hotuba iliyotolewa Morogoro mbele ya wanafunzi wa baiolojia na uhandisi

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wetu, wanafunzi, nanyi wageni mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, nawashukuru sana.

Hili nililolishika ni jani la magimbi, yale ambayo ndugu zetu wa Kenya huyaita nduma. Nimelikata alfajiri ya leo kando ya kijito kinachoteremka kutoka milima ya Uluguru, na naamini kila mmoja wenu aliyekulia shambani amewahi kulichezea. Ukilimwagia maji, maji hayaenei. Yanajikusanya kuwa matone ya mviringo kama shanga, yanayumba huku na huko, na ukiliinamisha jani kidogo tu yanaporomoka yote, jani likabaki kavu. Naomba mlioketi safu za mbele mtazame tone hili ninalolidondosha kwa pipeti. Tazameni chini yake, pale linapokutana na jani: kuna mng'ao kama wa fedha. Sasa nalizamisha jani zima ndani ya bilauri hii, na mng'ao ule umelifunika lote. Nikilitoa, mnaona wenyewe, halina hata unyevu. Mng'ao huo ni hewa. Ni tabaka jembamba la hewa lililonaswa kati ya maji na jani, na mwanga unapolifikia unarudi kama unavyorudi kwenye kioo cha kujitazamia.

Hewa hiyo ndiyo mada yangu ya leo. Nataka kuwaeleza jinsi tabaka la namna hiyo, likishikiliwa na vinundu vidogo kuliko seli yenyewe, linavyoweza kuwa uzio: seli hai zikakua upande mmoja wa mstari na zisikue upande wa pili, bila sumu yoyote wala ukuta unaoonekana kwa macho. Nimeishughulikia kazi hii kwa miaka mingi, na bado kila ninapouona mstari ule chini ya hadubini, seli zimejaa huku na kule hakuna hata moja, nastaajabu kama siku ya kwanza.

Tuanze na seli yenyewe, kwa kuwa bila kuielewa haja yake hatutaelewa kwa nini hewa inaweza kuizuia. Seli za damu huelea, na hayo ndiyo maisha yake. Lakini seli za ngozi, za mfupa, za ini, za misuli na za kuta za mishipa haziwezi kuishi zikielea. Lazima zitie nanga mahali. Mkiotesha seli za namna hii maabara, mnazimwaga ndani ya sahani ya plastiki pamoja na kimiminika chenye sukari, chumvi, vitamini na seramu, yaani majimaji ya damu yaliyoondolewa seli na mgando, kisha mnaziweka ndani ya kabati la joto kwenye nyuzi 37. Baada ya saa chache mnakuta seli zilizokuwa duara kama punje za mtama zimetandaa na kushika. Zimeshika nini? Wengi hujibu kwamba zimeshika plastiki, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kabla seli haijafika chini, protini zilizomo ndani ya seramu zimekwisha kuitangulia safari hiyo. Fibronektini na vitronektini, ambazo ni protini za kunata, hujibandika kwenye plastiki ndani ya dakika chache, na seli inapotua inazikamata kwa vishikio vyake viitwavyo integrini, vinavyotokeza kwenye utando wake kama vidole. Seli inashika protini, protini imeshika plastiki. Ukiamua protini zitue wapi, umekwisha kuamua seli zikae wapi.

Nanyi mnaofanya kazi maabara mnatumia kanuni hii kila siku pengine bila kuitafakari. Polistairini, plastiki ya sahani zenu, kwa asili yake haipendi maji, na seli huishika kwa shida. Ndiyo maana viwandani hupigwa kwa gesi yenye chaji za umeme, uso wake ukabadilika na kupenda maji, na hapo protini hutua katika hali ambayo seli inaweza kuzitambua. Sahani iliyopigwa hivyo na ile isiyopigwa zinafanana kabisa kwa macho. Tofauti mtaiona baada ya siku mbili, moja imejaa seli na nyingine seli zimekusanyika mabonge mabonge zikifa.

Naam, zikifa. Seli ya aina hii ikikosa pa kushika haikai ikingoja. Inajiua yenyewe kwa utaratibu uliomo ndani yake. Mwaka 1994 Steven Frisch na Hunter Francis waliupa utaratibu huu jina la anoikis, neno lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya kukosa makao. Ni jina ambalo limekaa mahali pake. Mwili unajilinda kwa njia hiyo, kwa sababu seli ya ini iliyobanduka ikachukuliwa na damu haipaswi kwenda kuanzisha makazi kwenye pafu. Seli za saratani zinazosambaa ni zile zilizofaulu kuikwepa sheria hii, zikajifunza kuishi bila makao hadi zifike ugenini. Kwa hiyo swali la mahali seli inaposhika si suala la kupanga tu. Ni suala la kuishi au kufa.

Mwaka 1997 kundi la watafiti wa Marekani, miongoni mwao Christopher Chen, George Whitesides na Donald Ingber, walilionesha jambo hili kwa namna ambayo hadi leo naiona kuwa miongoni mwa majaribio yenye akili zaidi niliyowahi kuyasoma. Walichukua mhuri wa mpira laini uliochongwa kwa ustadi mkubwa, wakaupiga juu ya tabaka la dhahabu kama karani anavyopiga mhuri kwenye barua, na kwa njia hiyo wakachora visiwa vidogo vya kunasa protini katikati ya bahari ya molekuli zinazozikataa protini. Juu ya visiwa hivyo wakatuliza seli zinazotandika kuta za ndani za mishipa midogo ya damu. Seli zilizopata kisiwa kikubwa zilitandaa, zikaishi na kugawanyika. Zilizopata kisiwa kidogo zilibaki zimejikunyata, na nyingi zilikufa. Hapo msikilizaji makini atasema: bila shaka, zimekosa protini ya kutosha ya kushika. Nao walilitegemea swali hilo. Wakachora vidoa vya mikromita chache tu (mikromita ni mita moja iliyogawanywa kwa milioni), vikiwa vimetawanyika, ili seli moja iweze kunyoosha miguu juu ya vidoa vingi kwa pamoja huku jumla ya protini iliyoshikwa ikiwa ni ile ile ya seli iliyojikunyata. Seli iliyonyoosha miguu iliishi. Kumbe kilichoamua ni kutandaa kwenyewe, umbo lenyewe la seli.

Miaka saba baadaye, 2004, kundi la Chen lilitumia njia ileile kwa seli shina za binadamu, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa za aina mbalimbali. Kwenye visiwa vya mikromita za mraba 1,024 seli zilielekea kuwa seli za mafuta; kwenye visiwa vya mikromita za mraba 10,000 zilielekea kuwa seli za mfupa. Kimiminika kilikuwa kimoja na seli zilitoka katika asili moja. Tofauti ilikuwa nafasi. Mhandisi anayesikia haya lazima aone wajibu wake: uso anaoubuni unazungumza na seli, na seli inatii.

Uzio waliotumia hao, hata hivyo, ulikuwa wa kemikali. Tabaka la molekuli moja linalokataa protini linafanya kazi nzuri kwa siku kadhaa, kisha linaanza kuoza kwa oksijeni na joto, na seli zinavuka mpaka. Linahitaji dhahabu chini yake. Ndipo baadhi ya watafiti wakageukia wazo lililokuwa likiota kwenye mabwawa na vijito kwa maelfu ya miaka.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo kwenye fizikia, na nawaomba wanabaiolojia wanivumilie. Mwaka 1805 Thomas Young, daktari wa Kiingereza, alieleza kwamba tone juu ya uso laini husimama kwa pembe maalumu, ambayo tunaiita pembe ya mgusano. Kwenye kioo safi pembe inakaribia sifuri, maji yanaenea. Kwenye nta inazidi digrii 90 kidogo. Lakini uso ulio laini, hata ukipakwa kemikali inayokataa maji kuliko zote, haufiki mbali zaidi ya takriban digrii 120. Jani hili la magimbi linazidi 150. Kinachoongeza ni ukwaruzo. Robert Wenzel alionesha mwaka 1936 kwamba ukwaruzo huikuza tabia ya uso: unaopenda maji huzidi kuyapenda, na unaoyakataa huzidi kuyakataa. Mwaka 1944 Cassie na Baxter, waliokuwa wakichunguza vitambaa na hata manyoya ya bata, wakaongeza jambo la pili ambalo ndilo msingi wa hotuba hii: ikiwa vinundu vimekaribiana vya kutosha, maji hayaingii katikati yake kabisa. Yanakaa juu ya ncha, na sehemu kubwa ya kile tone linachokigusa ni hewa.

Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, ndio waliotuonesha mwaka 1997 kwamba mimea ilikuwa imekwisha kulijenga jambo hilo. Walilitazama jani la yungiyungi takatifu la Asia kwa hadubini ya elektroni, wakakuta vinundu vya kiasi cha mikromita 10, na juu ya kila kinundu msitu wa vijiti vya nta vyenye unene wa nanomita mia hivi. Miongoni mwa mimea mingine waliyoichunguza yalikuwamo magimbi, na kabichi pia. Nanomita, kwa wale ambao hawaitumii, ni mita moja iliyogawanywa kwa bilioni. Unywele wa kichwani una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, na seli ya kawaida ya mnyama ina upana wa nanomita elfu kumi hadi elfu ishirini.

Kwa nini lazima twende hadi nanomita? Hesabu yake ni fupi na inafaa mwanafunzi aifanye mwenyewe. Shinikizo linalohitajika kuyasukuma maji yaingie ndani ya nafasi linapanda kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba. Tundu la mviringo lenye upana wa mikromita 10, likipakwa kemikali ya kukataa maji, linahimili takriban mita moja ya maji juu yake. Lifanye tundu hilo kuwa la nanomita 100, yaani jembamba mara mia, na uhimili unapanda mara mia. Kuna sababu nyingine inayoihusu seli moja kwa moja: pengo la mikromita 10 ni mlango ambao seli nzima inaweza kupita, lakini pengo la nanomita 100 hata kidole chake hakipati pa kutosha. Na kwa kuwa hewa imejaa mapengoni, protini hazina pa kutua isipokuwa kwenye ncha. Seli ikipapasa pale inakuta vituo vidogo mno vilivyozungukwa na utupu, na inarudi ilikotoka.

Kuujenga uso wa namna hii kuna njia nyingi, nami nitaeleza ile ninayoijua kwa mikono yangu. Unachukua bamba la silikoni, ile inayotengenezewa vipande vya kompyuta. Unalitumbukiza ndani ya mchanganyiko wa nitrati ya fedha na asidi ya hidrofloriki. Punje za fedha zinajibandika juu yake, na kila punje inachimba chini yake kama mchwa, hadi bamba lililokuwa likimeta kama kioo linakuwa jeusi kama makaa, kwa sababu limegeuka msitu wa nyuzi za silikoni zinazomeza mwanga. Unaliosha fedha, unalipaka molekuli zenye mkia mrefu wa kaboni, na tone linaanza kukimbia juu yake. Kisha unaweka kifuniko chenye matundu ya umbo unalolitaka na kulimulika kwa mionzi ya urujuanimno. Pale mwanga unapopita, mikia inaungua, na nyuzi zilezile zilizokuwa zikiyakataa maji zinayanywa kama sifongo. Bamba moja, msitu mmoja, tabia mbili zilizo kinyume kabisa, na mpaka kati yake ni mwembamba kama ulivyoweza kuuchora. Kundi la Rabah Boukherroub huko Lille, Ufaransa, liliotesha seli za mamalia juu ya mabamba ya nyuzi za silikoni yaliyogawanywa hivyo, na seli zilijaa kwenye sehemu zinazopenda maji, zikaziacha sehemu zinazoyakataa zikiwa karibu tupu.

Sasa nizungumzie udhaifu wake, kwani nisingependa mtoke hapa mkidhani jambo limekamilika.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu nilitengeneza mabamba ya silikoni yenye viraka vidogo vya kupenda maji, nikaotesha seli za tishu unganishi za panya. Siku ya kwanza kila kitu kilikuwa kama nilivyochora. Viraka vilijaa, njia kati yake zilikuwa tupu na zikimeta kwa hewa. Siku ya tatu asubuhi nilifungua kabati la joto, nikamulika sahani kwa ubavu kwa tochi ya simu, nikaona kona moja haina mng'ao tena. Imekuwa nyeusi tii. Jioni weusi ule ulikuwa umeenea nusu ya bamba kama doa la mafuta kwenye kitambaa, na kesho yake seli zilikuwa zimeingia kila mahali palipozama. Nililirudia jaribio mara nyingi nikidhani nimekosea kupaka kemikali, na miezi ilikuwa inakwenda. Hesabu niliyowapa punde inaonesha kwamba shinikizo halikuwa tatizo, kwani kimiminika ndani ya sahani kina kina cha milimita chache tu. Hewa ilikuwa inaondoka kwa njia nyingine.

Chanzo kimoja nilikigundua nilipoacha kulitazama bamba nikaanza kukitazama kimiminika. Nilikuwa nakichuja kwa pampu ya kufyonza ili kuondoa bakteria, na ufyonzaji ule hukiondolea gesi iliyoyeyuka ndani yake. Nikikimwaga juu ya bamba, kimiminika kina njaa ya hewa, na hewa iliyo karibu zaidi ni ile ya uzio wangu. Kiliila kidogo kidogo hadi ikaisha. Nilipoanza kukiacha usiku kucha ndani ya kabati la joto, chupa ikiwa na kifuniko kilicholegezwa ili kishibe gesi kwanza, uzio ulidumu muda mrefu zaidi. Chanzo cha pili hakina dawa rahisi hivyo. Protini zilezile tunazozihitaji upande wa seli hujibandika polepole kwenye ncha za nyuzi upande wa uzio, zinazifanya ncha zianze kupenda maji, na pia zinapunguza mvutano wa uso wa kimiminika chenyewe. Maji yanateremka hatua kwa hatua. Uzio wa hewa, kwa hiyo, una umri, na kila anayeripoti kazi ya namna hii anawajibika kusema hewa yake ilidumu saa ngapi, ndani ya kimiminika gani, chenye seramu kiasi gani. Ninaposoma makala inayoonesha picha nzuri ya siku ya kwanza bila kutaja siku ya saba, nasikitika, kwa sababu mgonjwa anayewekewa kipandikizi ataishi nacho miaka.

Wapo waliopata njia ya kuuzunguka udhaifu huu, na njia yao ni nzuri sana. Badala ya kuzamisha uso wote, wanaacha kila kituo kinachopenda maji kibebe tone lake, na kati ya tone na tone kuna hewa ya kawaida ya chumba. Uzio hauna cha kuzamishwa nacho. Kundi la Pavel Levkin huko Karlsruhe, Ujerumani, limeiendeleza kazi hii kwa polima, aina ya plastiki, yenye vinyweleo iliyotandazwa juu ya kioo cha hadubini. Ukilikokota tone kubwa la kimiminika chenye seli juu ya kioo hicho, linajigawa lenyewe: kila kiraka kinachopenda maji kinabaki na tone lake dogo, na njia kati yake zinabaki kavu. Kwa mpito mmoja wa mkono unapata mamia ya matone, kila moja likiwa chumba chake chenye seli zake. Ukikigeuza kioo juu chini, matone hayaanguki, na seli zilizomo zinazama hadi ncha ya tone na kujikusanya kuwa tufe dogo linalofanana na uvimbe mchanga. Huko Ureno, kundi la João Mano limefanya kazi ya karibu na hiyo kwa polistairini iliyokwaruzwa, likijaribisha michanganyiko mingi ya vifaa vya tiba pamoja na seli kwenye bamba moja.

Nawaomba wanafunzi wa famasia walitafakari hili. Tundu moja la sahani ya kawaida yenye matundu 96 linatumia mikrolita mia moja au zaidi za kimiminika na dawa. Tone ninalolizungumzia linatumia chini ya mikrolita moja. Kwa maabara ambayo seramu inaagizwa kutoka nje, inafika kwa ndege ikiwa kwenye barafu, na inalipiwa kwa fedha za kigeni, upungufu wa zaidi ya mara mia ndiyo tofauti kati ya jaribio linalofanyika na lile linalobaki kwenye karatasi. Na seli alizotoa mgonjwa mmoja kwenye kipande kidogo cha uvimbe, ambazo hazitoshi kujaza sahani, zinaweza kutosha kujaribishia dawa nyingi.

Kuhusu vipandikizi nitasema kwa kifupi. Daktari Anthony Gristina aliandika mwaka 1987 kwamba kila chuma au plastiki inayoingizwa mwilini inagombaniwa: seli za mwili na bakteria wanakimbilia uso mmoja, na atakayefika kwanza ndiye mwenye nyumba. Bakteria wakiwahi, wanajenga utando ambao dawa hazipenyi kirahisi. Kwa mpira wa mkojo tunataka asishike yeyote. Kwa kiungo cha nyonga tunataka seli za mfupa zishike shina lake kwa nguvu zote. Hatuhitaji uso mmoja wa kufaa kila kitu, tunahitaji ramani. Inafaa pia kujua kwamba bawa la nyenze, lenye vijiti vya nanomita na lenye kukataa maji, lilichunguzwa Australia, na mwaka 2012 ikaripotiwa kuwa vijiti hivyo vinapasua aina fulani ya bakteria kwa kuwanyoosha utando hadi uchanike, bila kemikali yoyote.

Najua swali linalokuja: vifaa hivi tutavitoa wapi? Hiki hapa ni kioo cha hadubini nilichokipitisha juu ya mwali wa mshumaa kwa nusu dakika. Yale ni masizi, yaleyale yanayopaka kioo cha taa ya chemli. Nadondosha tone, na mnaona, linaruka na kukimbia kama kwenye jani. Masizi ni shanga za kaboni za makumi ya nanomita zilizoungana kama wavu, na wavu huo unanasa hewa. Mwaka 2012 Xu Deng na wenzake wa Taasisi ya Max Planck huko Mainz waliutumia wavu wa masizi ya mshumaa kama kiolezo: waliufunika kwa tabaka jembamba la silika, wakauchoma kwa nyuzi 600 hadi kaboni yote ikaungua, ukabaki wavu wa kioo unaopitisha mwanga, na baada ya kupakwa ulikataa maji na mafuta pia. Masizi yenyewe yanafutika kwa kidole, hayafai kuoteshea seli. Lakini tanuri la nyuzi 600 lipo katika vyuo vyetu, mishumaa ipo, na taa ya urujuanimno ipo.

Nionye kuhusu mambo mawili. Asidi ya hidrofloriki si ya kujifunzia bila msimamizi. Inapenya ngozi bila kuunguza sana mwanzoni, inafunga kalisi ya mwili, na inaweza kuua. Anayeifungua lazima awe na jeli ya glukonati ya kalisi mkononi kabla hajafungua chupa. Na kemikali zenye florini, ambazo ndizo zinazokataa maji kuliko nyingine, hazivunjiki katika mazingira. Nchi kadhaa zimeanza kuzibana kisheria. Nta ya jani hili haina florini hata chembe. Kijana atakayetengeneza uzio wa kudumu kwa nta au mafuta ya mimea atakuwa amefanya kazi ambayo Ulaya na Marekani zinaitafuta.

Kwenye meza iliyo nyuma ya ukumbi nimeweka hadubini mbili. Ya kwanza ina kipande cha jani hili. Ya pili ina bamba la silikoni lenye seli zilizogandishwa kwa formalini siku ya pili na kutiwa rangi ya bluu kwenye kiini na nyekundu kwenye nyuzi za ndani. Tafuteni ukingo wa kiraka. Kuna seli moja pale, upande wa kulia juu, ambayo imelala sambamba na mpaka na kutoa vidole vitatu vyembamba kuelekea upande wenye hewa. Viwili vimepinda na kurudi. Cha tatu kimenyooka bado, na ncha yake haijashika kitu.